Timu Ambayo Hakuna Tajiri Anaweza Kununua

Wacha niseme kitu na najua wengine mtanitusi: wengi wetu hatuna timu. Tuna jezi.

Jezi ni ile unanunua Gikomba ama kwa simu, unavaa wikendi, unagombana na wasee kwa sababu yake, na klabu yenyewe iko London, mwenye nayo ni bilionea ambaye hajui kuna mahali panaitwa Umoja. Timu ni ile ukikosa mazoezi mara mbili, mamako anaulizwa sokoni, "Huyo kijana wako yuko wapi siku hizi?" Mimi ni shabiki wa Arsenal, kwa hivyo usidhani natupa mawe nikiwa nje. Niko ndani ya nyumba na nina makovu.

Klabu iliyonifanya nianze kufikiria hivi haiko Kenya na haichezi mpira tunaoujua. Inaitwa Robert Emmet's, ya Slaughtneil, sehemu ya mashambani karibu na mji wa Maghera, kusini mwa kaunti ya Derry, Ireland ya Kaskazini. Ni ocha kabisa. Nyumba zimetawanyika chini ya mlima, kuna kondoo, mvua, na uwanja. Ukipita na gari bila kuambiwa, unaweza kupita tu. Lakini hawa watu wamefanya kitu ambacho klabu za miji mikubwa hazijawahi kufanya, na hawajamlipa mchezaji hata mmoja mshahara.

Kama unaona Ireland ni mbali na mambo yetu, kumbuka Brother Colm O'Connell. Alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia pale St Patrick's, Iten, akajikuta ni kocha wa riadha, na mmoja wa vijana aliowalea ni David Rudisha, yule wa 1:40.91 pale London 2012. Kwa hivyo Wairishi na michezo ya mashinani si hadithi ngeni kwetu.

Sasa, hii michezo ni gani?

Iko miwili mikubwa. Wa kwanza ni hurling: kila mchezaji ana fimbo ya mbao yenye kichwa kipana, na mpira mdogo mgumu wa ngozi unaitwa sliotar. Unaweza kuupiga ukiwa hewani, kuudunga chini, ama kukimbia ukiwa umeubeba juu ya fimbo kama mtu anayekimbia na yai kwa kijiko, huku jamaa watatu wanakukujia na fimbo zao. Helmeti ni lazima tangu 2010, na ukiutazama kwa dakika mbili utaelewa kwa nini. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka kwa orodha ya urithi wa dunia, ule wa tamaduni zilizo hai. Wanawake wanaucheza pia, na kwao unaitwa camogie.

Wa pili ni mpira wa Kigaeli. Hapa unashika kwa mikono, unapiga kwa mguu, unadundisha. Goli lina nguzo ndefu kama za raga, lakini chini kuna wavu na kipa.

Kila upande una watu 15. Ukiingiza kwa wavu ni alama tatu, ukipitisha juu ya mwamba kwa kawaida ni alama moja. Ndiyo maana matokeo yao yanaandikwa kwa namna ya kuchanganya, kwa mfano 1-9 dhidi ya 1-7. Usipaniki: goli moja na alama tisa ni 12, goli moja na alama saba ni 10. Shika hizo namba, nitazirudia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1884 Ireland yote ilikuwa chini ya Uingereza. Michezo iliyopewa heshima ilikuwa ile ya wakubwa: kriketi, raga, riadha za mabwana. Fimbo za wanakijiji zilionekana ushamba. Novemba 1 mwaka huo, watu wachache walikutana katika Hayes's Hotel, mji wa Thurles, kaunti ya Tipperary. Kulikuwa na Michael Cusack, mwalimu, na Maurice Davin, mwanariadha mwenye jina kubwa. Wakaanzisha chama cha kulinda michezo yao, kinachojulikana leo kama GAA. Hawakungoja serikali iwape bajeti ama wizara. Walisema, kila parokia ianzishe klabu yake. Leo kuna klabu zaidi ya 2,000, nyingi Ireland na nyingine popote Wairishi walipohamia.

Na mtawala alielewa haraka kwamba hii haikuwa michezo tu. Novemba 21, 1920, wakati wa vita vya uhuru, majasusi na maafisa wa Uingereza waliuawa Dublin asubuhi. Alasiri, vikosi vya usalama viliingia Croke Park, uwanja mkuu wa GAA, mechi ikiendelea, vikafyatulia watu risasi. Watu 14 walikufa, akiwemo mchezaji, Michael Hogan wa Tipperary. Jukwaa moja pale linaitwa Hogan Stand hadi leo. Croke Park sasa inabeba zaidi ya watu 82,000, na kila anayeingia anakaa karibu na hilo jina.

Robert Emmet's ya Slaughtneil ilikuja baadaye, mwaka 1953. Wakati huo Ireland ilikuwa imeshagawanywa, na Derry ilibaki upande wa Uingereza. Angalia jina walilochagua. Robert Emmet alikuwa kijana aliyeongoza uasi dhidi ya Uingereza pale Dublin mwaka 1803, akanyongwa akiwa na miaka 25. Huku kwetu mwaka huo wa 1953 tulikuwa ndani ya Hali ya Hatari, chini ya taji lilelile. Hebu fikiria klabu ya kijiji inaitwa Dedan Kimathi, inasajiliwa na kucheza kila Jumapili serikali ya kikoloni ikitazama. Hapo ndipo utaelewa uzito wa hilo jina kwa jezi.

Lakini jina halishindi mechi. Kwa miaka mingi Slaughtneil walikuwa klabu ya kawaida. Kombe lao la kwanza la mpira la wakubwa katika kaunti ya Derry walilipata 2004. Hesabu vizuri: miaka 51 tangu waanze! Kuna watu walicheza, wakazeeka, wakawa makocha wa watoto, wakazikwa, hawajaona hilo kombe. Na bado kila msimu mtu alikuwa anakata nyasi, anapaka mistari, anaosha jezi. Mtaani kwetu, timu ikipoteza misimu miwili mfululizo, inabadilisha jina.

Halafu mambo yakalipuka. 2014 walishinda mpira wa Ulster, yaani mkoa mzima wa kaskazini wenye kaunti tisa. Machi 2015 wakafika fainali ya klabu za Ireland nzima, wakachapwa na Corofin wa Galway. Halafu ikaja 2016, na hapa ndipo nataka utulie.

Mwaka huo Slaughtneil walishinda Ulster kwa mpira. Wakashinda Ulster kwa hurling, klabu ya kwanza kutoka Derry kufanya hivyo. Wanawake wao wakashinda Ulster kwa camogie. Mataji matatu ya mkoa, kijiji kimoja, msimu mmoja. Hakuna klabu iliyowahi kufanya hivyo. Na wengi wa wale wanaume wa hurling ndio walewale wa mpira. Wikendi hii umeshika fimbo, wikendi ijayo umeshika mpira, Jumatatu uko kazini. 2017 wakarudia tena, yote matatu.

Katikati ya hizo mbili kuna mapema 2017, walipoenda kutafuta Ireland nzima. Wanaume wa hurling walitolewa nusu fainali na Cuala wa Dublin. Wanaume wa mpira walifika fainali Machi 17, siku ya Mtakatifu Patrick, pale Croke Park, wakapoteza kwa Dr Crokes wa Kerry. Matokeo? 1-9 kwa 1-7. Alama mbili tu.

Wanawake je? Walikuwa wameshashinda. Walichukua ubingwa wa camogie wa klabu za Ireland nzima Machi hiyohiyo, siku chache kabla ya fainali ya wanaume. Wakauchukua tena 2018. Wakauchukua tena 2019. Mara tatu mfululizo. Kwa hivyo mtu akikuambia kuhusu historia kubwa ya Slaughtneil halafu aanze na kumalizia na wanaume, mwambie aanze upya. Kombe kubwa zaidi la hicho kijiji lililetwa na wasichana wake.

Sasa swali langu ni hili: hiki kitu kinafanya kazi aje?

Mimi naona misingi mitatu, na hakuna hata mmoja unaohitaji doo nyingi.

Kwanza, unachezea kwenu. Huamki ukaamua kuhamia klabu kubwa kwa sababu inashinda. Kuhama kunawezekana, lakini lazima uwe na sababu, na mara nyingi ni kwamba umehamia kuishi mahali pengine. Hii inabadilisha akili. Kama timu ni dhaifu, huwezi kutoroka udhaifu wake. Unabaki kuurekebisha. Kijana wa miaka minane anayekosea pasi leo ndiye beki wako wa baadaye, kwa hivyo ni afadhali umfundishe.

Pili, hakuna mshahara. Hata wale wanaochezea kaunti mbele ya watu 82,000 hurudishiwa gharama za safari, halafu Jumatatu ni walimu, mafundi wa umeme, madaktari, wakulima. Mfano mzuri ni Chrissy McKaigue. Ni mtoto wa Slaughtneil, alichukuliwa na Sydney Swans kule Australia kucheza mpira wao kama kazi ya kulipwa. Akarudi nyumbani. Akaicheza michezo yote miwili na klabu yake, akashinda hayo mataji ya Ulster, na 2022 akiwa nahodha aliinua kombe la Ulster na kaunti ya Derry, kombe ambalo Derry hawakuwa wamelishika tangu 1998. Sisemi kila mtu akatae pesa. Kodi ya nyumba hailipwi na uzalendo. Nasema tu kuna kitu kilichomvuta ambacho pesa haikuwa nacho, na kijiji kilikuwa kimekijenga kabla hajazaliwa.

Tatu, na hii ndiyo inaniuma zaidi nikiangalia huku kwetu: uwanja si wa mtu. Kanuni za GAA zinataka mali ya klabu iwe chini ya wadhamini, kwa niaba ya wanachama. Mwenyekiti hawezi kuamka na kuuza nusu ya uwanja kwa rafiki yake anayejenga gorofa. Unakumbuka Ripoti ya Ndung'u ya 2004? Ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na viwanja vya kuchezea vilikuwa humo. Wengi mnaosoma hii mnaweza kunyoosha kidole: pale palikuwa uwanja wetu, sasa ni gorofa, ama stendi ya magari, ama ukuta tu wenye maandishi ya "Not for sale". Hatukupoteza vipaji kwanza. Tulipoteza nyasi.

Nisikupambie hii hadithi ikawa tamu sana. Kupenda klabu kumewahi kugharimu watu maisha, na sizungumzii 1920 peke yake. Vita vya Ireland ya Kaskazini, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi mkataba wa amani wa 1998, viliua zaidi ya watu 3,500. Watu wa GAA walilengwa na makundi yaliyoona hiyo michezo ni alama ya upande mwingine. Bellaghy ni jirani wa Slaughtneil, hapohapo kusini mwa Derry. Mei 12, 1997, mwenyekiti wa klabu ya Bellaghy, Sean Brown, mzee wa miaka 61, alikuwa anafunga geti la klabu usiku. Wanamgambo wa upande wa Uingereza wakamteka pale getini, wakaenda kumuua kwa risasi. Miaka mingi baadaye familia yake imeendelea kudai uchunguzi wa umma.

Mzee wa kujitolea, halipwi hata senti, amebaki wa mwisho ili kuhakikisha geti limefungwa. Klabu kama hizi zinasimama kwa watu wa namna hiyo. Kwa kamera utaona wafungaji. Nguzo ni yule mwenye ufunguo.

Na GAA yenyewe ina madoa. Kwa miongo mingi ilikataza wanachama wake kucheza ama hata kutazama soka, raga na kriketi, ati ni michezo ya kigeni. Mwaka 1938 ilimwondoa Rais wa Ireland, Douglas Hyde, kwenye nafasi ya mlezi wa chama kwa sababu alihudhuria mechi ya soka ya kimataifa. Rais wa nchi! Hiyo marufuku iliondolewa 1971. Kupenda chako mpaka uanze kupiga watu polisi kwa kutazama cha wengine, hapo umepotea njia. Wanawake nao wamekuwa na vyama vyao tofauti, camogie tangu 1904 na mpira wa wanawake tangu 1974, na ni juzi tu ndipo wote wamekubaliana kuungana, lengo likiwa 2027. Hao wasichana wa Slaughtneil waliochukua mataji matatu wamekuwa wakicheza chini ya chama tofauti na kaka zao, kwenye kijiji kilekile.

Tena, hiyo sheria ya kuchezea kwenu ina makali. Ukizaliwa mahali ambapo vijana wote wamehamia Dublin, London ama Sydney kutafuta kazi, klabu yako inakosa watu 15. Kuna sehemu za mashambani Ireland ambako majirani waliochukiana miaka mia wamelazimika kuunganisha timu za watoto. Na jirani anaweza kukupita pia: Januari 2024, ubingwa wa mpira wa klabu za Ireland nzima ulichukuliwa na Glen, klabu ya Maghera, majirani kabisa wa Slaughtneil. Lile kombe ambalo Slaughtneil walilifikia mara mbili wakalikosa, likalala kilomita chache kutoka kwao. Hebu wazia hayo maumivu. Hata Arsenal hawajafanyiwa hivyo. Sawa, wamefanyiwa, lakini unanielewa.

Kuna mtu atasema, "Wewe unataka tuanze hurling Kayole?" Hapana, bana. Hiyo ni michezo yao na inatosha kuwa yao. Na sisi hatuanzi sifuri. AFC Leopards ilizaliwa 1964 na Gor Mahia 1968, klabu za watu, zilizoanzishwa na jamii na kubebwa na mashabiki wanaochanga. Gor walichukua kombe la Afrika 1987 wakiwa na mfumo huo. Shida yetu ni kwamba tulijenga juu tukasahau chini. Slaughtneil walijenga chini miaka 51 kabla ya kuona juu.

Ninachotaka ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Kama mtaa wako una timu, hata ile ya kuvaa viatu vya kuazima, ulizeni mambo manne. Ardhi mnayochezea iko kwa jina la nani? Wasichana wana siku yao ya mazoezi, ama wanashangilia tu? Mtoto wa miaka minane anafundishwa na nani? Na historia yenu imeandikwa wapi?

Hilo la mwisho usilicheke. Tunajua Slaughtneil walianza 1953 kwa sababu watu wao wameweka kumbukumbu. Muulize mzee yeyote mtaani kwenu timu ya kwanza ilikuwa gani, atakupa majina, mwaka, nani alikuwa kipa, nani alinunua mpira wa kwanza. Muulize mapema, kwa sababu akienda anaenda na faili lote. Una simu yenye kamera nzuri kuliko ile iliyotumika kurekodi nusu ya hizo mechi za Ireland. Mrekodi.

Endelea kutazama ligi ya Uingereza, hata mimi nitatazama. Lakini hiyo klabu haihitaji wewe ukate nyasi zake. Kuna moja karibu na wewe inahitaji. Uliza nani ana ufunguo wa geti lake, na kama hakuna geti, uliza kwa nini.